Krimu za retinoidi kwa ngozi ya magamba ya kurithi: mambo ya kujua kabla ya kupaka

Ukiandikiwa tyubu ya krimu ya retinoidi kwa ajili ya mtoto wako mwenye ngozi ya magamba, au kwa ajili yako mwenyewe, mara nyingi unatoka kliniki na maelezo mawili tu: paka usiku, rudi baada ya mwezi. Foleni ya kliniki ya ngozi tunaijua, na daktari hana nusu saa kwa kila mgonjwa. Kwa hiyo tuizungumze hapa taratibu. Ni dawa inayosaidia kweli, lakini ikipakwa ovyo inaunguza, na kuna watu ambao hawapaswi hata kuigusa kwa vidole.

Ugonjwa wenyewe

Ngozi ya magamba ya kurithi kitaalamu huitwa ikithiosisi, jina lililotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya samaki. Wagonjwa wengi hawalipendi jina hilo wakishajua maana yake, na siwalaumu. Si ugonjwa mmoja, ni ukoo mzima wa magonjwa. Aina ya kawaida huleta ukavu na vigamba vidogo, hasa miguuni, na wapo wanaoishi nayo hadi uzeeni bila kujua kuwa ina jina. Hapa nazungumzia zaidi aina adimu iitwayo lamela, ambayo inakadiriwa kumpata mtoto mmoja kati ya laki moja au zaidi. Magamba yake ni mapana, ya rangi ya udongo au kahawia, na hufunika karibu mwili wote.

Mtoto wa aina hii mara nyingi huzaliwa akiwa amefungwa kwenye utando unaong'aa kama nailoni. Utando huo hupasuka na kutoka wenyewe ndani ya wiki chache. Usiubandue kwa mkono. Kichanga huyo anahitaji hospitali yenye chumba cha watoto wachanga, kwa sababu anapoteza maji na joto kupitia ngozi, na vijidudu hupita kwenye nyufa. Krimu ya retinoidi haina kazi kwake katika wiki hizo.

Ili uelewe dawa inafanya nini, fikiria ukuta wa tofali. Tabaka la juu kabisa la ngozi limejengwa kwa seli zilizokufa, hizo ndizo tofali, na katikati yake kuna mafuta yanayozishikilia, huo ndio udongo wa kujengea. Kwa wagonjwa wengi wa lamela, hitilafu iko kwenye kinasaba kiitwacho TGM1, ambacho kazi yake ni kutengeneza kimeng'enya cha kukamilisha na kukaza tofali hizo. Kimeng'enya kikipungua, ukuta unavuja. Maji ya mwili yanatoka, na vitu vya nje vinaingia. Mwili ukiona ukuta unavuja unaongeza tofali juu ya tofali. Kwa hiyo magamba unayoyaona kwa sehemu kubwa ni jitihada za mwili kuziba ukuta mbovu.

Huu ni ugonjwa wa kurithi, si wa kuambukiza. Haupatikani kwa kushikana mikono, kulala kitanda kimoja wala kutumia taulo moja, na mtoto mwenye ugonjwa huu ana haki ya kukaa dawati moja na wenzake. Katika aina ya lamela, baba na mama wote wawili wamebeba nakala moja ya kinasaba yenye hitilafu bila wenyewe kuugua. Mtoto akirithi nakala mbovu kutoka pande zote mbili ndipo anaugua, na kwa kila mimba uwezekano huo ni 1 kati ya 4. Si kwamba ukishapata mmoja mgonjwa basi watatu wanaofuata wako salama. Kila mimba inaanza hesabu upya. Wazazi wenye undugu wa damu, kama mtu na binamu yake, wana uwezekano mkubwa zaidi wa kubeba hitilafu ileile, lakini hutokea pia kwa wazazi wasio na undugu wowote.

Katika kutembelea kaya nimesikia akina mama wakisemwa kwamba walikula kitu fulani walipokuwa wajawazito, au kwamba kuna mkono wa mtu. Hakuna chakula kinacholeta ugonjwa huu, na hakuna aliyemroga mtoto. Nalisema mapema kwa sababu mama anayelaumiwa ndani ya nyumba yake huchoka, na matibabu haya yanahitaji mtu mwenye nguvu ya kupaka mafuta kila siku ya Mungu.

Retinoidi ni kitu gani

Retinoidi ni dawa zilizo ndugu wa vitamini A. Za kupaka ambazo huenda ukaandikiwa ni tretinoini, adapaleni na tazaroteni. Kwenye boksi majina huandikwa kwa Kiingereza, tofauti kidogo mwishoni, lakini utayatambua. Leo watu wengi wanazijua kama dawa za chunusi, ila kabla hazijapata umaarufu huo, mwaka 1962 daktari wa ngozi wa Kijerumani, Günter Stüttgen, alikuwa ameshaandika kuhusu kupaka asidi ya vitamini A kwenye magonjwa ya ngozi kuwa ngumu na yenye magamba. Kwa hiyo daktari wako akikupa "dawa ya chunusi" kwa ajili ya magamba hajakosea.

Inafanyaje kazi? Dawa inaingia ndani ya seli za ngozi na kubadilisha maagizo ya ukuaji. Seli zinakomaa kwa mpangilio bora zaidi, na zile zilizogandana juu zinaachana kwa urahisi. Gamba linakuwa jembamba, ngozi inakunjika vizuri kwenye kiwiko na kwenye goti, na vidole vilivyokakamaa vinafunguka.

Angalia sasa kile ambacho dawa haifanyi. Haikitengenezi kile kinasaba. Inapunguza tofali zilizorundikana, lakini ukuta wenyewe bado unavuja. Ukiacha dawa, magamba yanarudi. Na ukiondoa magamba bila kuweka mafuta juu ya ngozi, umebomoa ule ukuta wa dharura ambao mwili ulijijengea, na mtoto atapata nyufa, maumivu na homa za maambukizi.

Tena, si kila ngozi ya magamba inafaa retinoidi. Kuna aina ambayo mtoto huzaliwa na malengelenge na ngozi inayochubuka. Hapo retinoidi yaweza kuongeza vidonda. Kuna nyingine yenye ngozi nyekundu na nywele fupi zinazokatika, zenye vifundo kama vya mwanzi zikitazamwa kwa hadubini. Hiyo nayo huweza kuharibika zaidi. Ndiyo maana mtaalamu wa ngozi aone kwanza. Zahanati inaweza kukupa rufaa. Kwa Tanzania, Hospitali ya KCMC mjini Moshi ina kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu mwaka 1992, na wataalamu waliosoma hapo wanafanya kazi katika nchi nyingi za Afrika. Uliza hospitali ya mkoa wako kama wapo.

Usichanganye krimu hizi na matone ya vitamini A ambayo watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa kila baada ya miezi sita. Matone yale ni ya kuzuia upungufu wa vitamini hiyo. Kumnywesha mtoto matone au vidonge vya ziada ukidhani magamba yataisha ni hatari, kwani vitamini A ikizidi huumiza ini na huongeza shinikizo ndani ya kichwa. Wapo wagonjwa wa hali nzito ambao daktari huwapa retinoidi ya kumeza, kama asitretini. Mtoto wako akiwa mmoja wao, mwambie mhudumu wa afya kabla hajampa matone.

Mafuta kwanza

Nikilazimika kuchagua kati ya kopo kubwa la mafuta ya mgando na tyubu ya retinoidi, nachukua kopo. Nasema hivi nikijua kuna familia zinazouza kuku ili zinunue tyubu, halafu zinabana mafuta.

Hesabu yake ni rahisi. Kupaka mwili mzima wa mtu mzima mara moja kunahitaji takribani gramu 30 za krimu. Tyubu nyingi za retinoidi zina gramu 20 au 30. Ukitaka kupaka mwili mzima, tyubu inaisha usiku mmoja, na dawa nyingi inaingia kwenye damu kupitia ukuta ule unaovuja. Kwa hiyo retinoidi ni dawa ya sehemu chache mlizochagua na daktari, zile zinazomsumbua zaidi mgonjwa: nyayo zilizokakamaa, magoti, viwiko, labda miguu kuanzia goti kwenda chini. Sehemu nyingine zote ni maji na mafuta.

Mwogeshe mtoto kwa maji ya uvuguvugu, akae kwenye maji dakika 10 hadi 20 kama una beseni la kutosha. Magamba yakilainika sugua polepole kwa kitambaa au dodoki laini. Dodoki jipya, kavu, lenye miiba, liache lisugue sufuria. Usikwangue kwa kisu wala wembe. Kausha kwa kugusagusa na taulo, kisha paka mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu. Mafuta ya mgando yasiyo na manukato yanatosha kabisa, na yanapakwa mara mbili au zaidi kwa siku. Mtu mzima anaweza kumaliza nusu kilo kwa wiki, na huo si ubadhirifu.

Tahadhari moja ambayo haisemwi vya kutosha: nguo na mashuka yaliyolowa mafuta haya hushika moto haraka, hata yakiwa yamefuliwa. Mtoto aliyepakwa asikae karibu na jiko la mkaa, mshumaa wala kibatari.

Jihadhari pia na dawa za asidi ya salisiliki, ikiwemo Whitfield ambayo hutolewa sana madukani pale muuzaji anapodhani magamba ni fangasi. Kwa mtu mzima, sehemu ndogo, haina shida kubwa. Kwa mtoto mdogo aliyepakwa mwili mzima asidi hiyo huingia kwenye damu na kumlevya: anapumua haraka, anatapika, anachanganyikiwa. Chini ya miaka miwili isitumike kabisa bila daktari.

Namna ya kupaka retinoidi

Anza na eneo dogo, mfano goti moja, usiku mmoja kisha uruke usiku mmoja au miwili. Mwanga wa jua huiharibu tretinoini, ndiyo maana inapakwa usiku.

Sehemu utakayopaka dawa, baada ya kuoga iache ikauke vizuri kwa dakika 20 hadi 30. Retinoidi juu ya ngozi yenye maji huingia kwa kasi na huwasha zaidi. Kiasi kinachotosha ni mstari wa krimu kutoka ncha ya kidole cha shahada mpaka kwenye kiungo cha kwanza. Huo unapaka eneo linalolingana na viganja viwili vya mtu mzima. Sambaza iwe nyembamba. Kupaka nene hakuharakishi chochote. Baada ya muda kidogo weka mafuta yako juu. Sehemu zisizo na dawa zipake mafuta palepale baada ya kuoga, usizisubirishe.

Usipake kwenye nyufa zinazotoa maji au damu, wala kwapani, kwenye kinena, midomoni na karibu na macho. Nitaongeza neno kuhusu macho, kwa sababu watu wenye lamela wengi kope zao za chini huvutwa zikageuka nje. Wapo wataalamu wanaotumia retinoidi kwa uangalifu mkubwa kulainisha ngozi ya kope hizo. Wafanye wao. Kazi yako nyumbani ni kuhakikisha jicho halikauki: matone ya kulainisha macho mchana, na rangamu ya macho usiku kama umeandikiwa.

Wiki mbili au tatu za kwanza tarajia wekundu (kwa ngozi nyeusi huonekana kama weusi uliokolea), kuwasha kidogo na kubanduka. Wengi huacha dawa hapa wakisema imewakataa. Ikiwa muwasho ni mdogo, endelea. Ikiwa inachoma kiasi cha kukosesha usingizi, simamisha kwa siku kadhaa, paka mafuta tu, halafu rudi kwa kuruka siku nyingi zaidi. Ikileta malengelenge au vidonda, simamisha na uende kliniki. Usihukumu matokeo kabla ya wiki 8 hadi 12. Tafiti zilizofanywa kwa wagonjwa wa lamela ni chache na zenye watu wachache, lakini zinaonyesha magamba hupungua kwa wengi. Hupungua, sikusema huisha.

Ngozi iliyopungua magamba huungua jua kwa urahisi, hata iwe nyeusi namna gani. Kofia pana na shati jepesi la pamba la mikono mirefu vinatosha kwa wengi. Lakini kumbuka mtoto huyu pia hatoi jasho vizuri, maana magamba yameziba vijitundu vya jasho, na joto linaweza kumwangusha. Zungumza na mwalimu wake: akae upande wenye kivuli, aruhusiwe kunywa maji na kujimwagia wakati wa somo, na asilazimishwe mchakamchaka juani. Mahali kama Dar es Salaam, Tanga au Mombasa mwezi Februari, hili linaweza kuwa na uzito kuliko krimu yoyote.

Mimba

Hapa naomba usome polepole, hata kama mgonjwa ni mtoto wa kiume.

Retinoidi zinaweza kuharibu kiumbe tumboni, hasa katika wiki za mwanzo ambapo mama wengi hawajajua kama ni wajawazito. Za kumeza ndizo hatari zaidi: mwanamke aliyetumia asitretini anatakiwa kuzuia mimba kwa miaka 3 baada ya kuacha, na hatakiwi kutoa damu muda huo. Za kupaka huingia kwenye damu kidogo sana kwa mtu mwenye ngozi nzima. Mwenye ukuta unaovuja si mtu huyo. Tazaroteni haitakiwi kabisa kwa mjamzito, na tretinoini na adapaleni nazo huwa tunaziepuka.

Kwa hiyo kama wewe ndiye mgonjwa na unaweza kushika mimba, zungumza kuhusu uzazi wa mpango kabla tyubu haijafunguliwa. Kama ni binti, msisubiri aolewe ndipo aambiwe. Aambiwe akivunja ungo, na mama au shangazi awepo. Na kama wewe ndiye unayempaka mtoto, nawe ni mjamzito au unatafuta mimba, kazi hiyo ampe baba, bibi au mtu mwingine asiye katika hali hiyo. Akikosekana, vaa glovu na unawe mikono. Dada wa kazi pia ni mwanamke. Mwambieni krimu ile ni nini, asije akaijaribu kwenye chunusi zake.

Ikitokea umeipaka kisha ukagundua una mimba, acha siku hiyo hiyo na uende kliniki ya wajawazito na boksi lako. Usichukue uamuzi wa haraka kwa maneno ya jirani. Kupaka kidogo kwenye eneo dogo ni tofauti kabisa na kumeza vidonge, na daktari ataipima hali yako.

Krimu za mtaani

Tretinoini ipo pia kwenye baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi na kwenye mikorogo, ikiwa imechanganywa na haidrokwinoni na steroidi kali. Muuzaji atakuambia ina dawa ileile uliyoandikiwa, na kwa jina anaweza kuwa anasema kweli. Lakini steroidi kwenye ngozi inayovuja, ikipakwa eneo kubwa kwa miezi, huingia mwilini, hupunguza kinga, humvimbisha mtoto uso na kuzuia ukuaji wake. Haidrokwinoni imepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini Tanzania. Nunua kwenye duka la dawa lenye mfamasia, na tyubu isiyo na tarehe ya mwisho wa matumizi iache hapo hapo dukani.

Ukirudi kliniki

Usisubiri tarehe ya kurudi kama mtoto ana homa, nyufa zinatoa usaha, anakuwa mlegevu kwenye joto, au jicho limekuwa jekundu na linauma. Nenda siku hiyo.

Vinginevyo, kabla ya tarehe, piga picha ya sehemu ileile kila wiki mbili, kwenye mwanga wa mchana, kwa sababu mabadiliko ya taratibu macho hayayaoni. Weka alama kwenye kalenda kwa kila usiku uliopaka. Omba masikio yaangaliwe, maana magamba huziba tundu la sikio na mwalimu akadhani mtoto ni mzito wa kuelewa. Uliza kuhusu vitamini D, ambayo hupungua kwa wengi wenye ugonjwa huu. Na beba kila kinachopakwa nyumbani, tyubu, makopo na chupa, pamoja na ile krimu ya mtaani unayoona aibu kuitaja.